Mama alivyowalisha wanakondoo lukina mpaka wakwe wa Chonyonyo wakala kondoo

Heshima kwenu wakuu.

Juzi kuna mdau kaandika humu kwamba nyama ya kondoo inanuka na mgeni wa maana hapewi. Nimecheka peke yangu jikoni. Hebu niwasimulie ya nyumbani kwetu. Hii siyo chai, mama yangu yuko hai na atanikana nikiongeza neno.

Ni mwanzoni mwa miaka ya tisini, Isingiro, wakati Kyerwa bado iko ndani ya Karagwe. Kaka yangu Deusi kapata mchumba Chonyonyo, mahari imepokelewa, padri kapanga siku. Baba, kwa mdomo wake mwenyewe, kawaahidi wakwe fahali.

Ikiwa imebaki miezi mitatu, fahali akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

Zizini wakabaki wanakondoo sita wa mama. Sasa kule kwetu ukimpa mkwe kondoo siku ya harusi, ni kama umemwambia akale kwake. Watu wanasema ananuka, mafuta yanaganda mdomoni. Na wakwe wakiondoka bila kula, hiyo aibu bibi harusi ataishi nayo mpaka azeeke. Deusi alikonda kuliko hao kondoo.

Baba akawa hasemi. Mama ndiye aliyesema, "Hawa hawa watawala. Niachieni mimi."

(Mama yangu ni mtu wa maneno machache na majivuno mengi. Nampenda sana.)

Akamfuata bwana mifugo, kijana mmoja mpole aliyekuwa akizunguka vijijini na baiskeli. Yule akamwambia kondoo akishinda kwenye majani makavu ya barabarani, nyama lazima iwe ngumu. Wape nyongeza ya mimea: majani ya lukina, ule mti wa malisho, yaliyokaushwa kivulini, marando ya viazi, maganda ya ndizi. Lukina isizidi, wakila nyingi wananyonyoka manyoya. Na wachinjwe wakiwa bado wadogo.

Mama akaitikia yote. Halafu akaongeza la kwake.

Nyumbani tulikuwa na lundo la maganda ya kahawa, yale yanayobaki ukishatwanga. Mnajua kwetu mgeni akifika anapewa kahawa ya kuchemsha atafune, achangamke. Mama akasema, kama inamchangamsha mgeni, itamchangamsha na kondoo. Akawa anawachanganyia maganda kwenye lukina, debe kwa debe.

Wakuu, walichangamka.

Hawakulala chini. Walikunywa maji kama wanazima moto, wakakojoa kutwa nzima, wakazunguka zizi bila sababu. Chakula wakakisusa. Baada ya wiki mbili mbavu zinahesabika, na baba akavunja ukimya wake: "Mama Deusi, umewafundisha kazi ya ulinzi?"

Nilimwona mama akilia nyuma ya nyumba, mara moja tu. Aliogopa kwamba ameiharibu harusi ya mwanaye kwa mikono yake.

Bwana mifugo aliporudi akauliza wanakula nini. Mama akajibu lukina. Akauliza na nini tena. Mama akatazama migomba. Ikabidi mimi niseme, na kofi la mama nalikumbuka.

Maganda yakaishia shambani. Tukabaki na lukina, marando na maganda ya ndizi, mimi na mama tunakata asubuhi, tunaanika kivulini, tunapima kwa kikapu kimoja. Mwezi wa pili wakaanza kujaa mgongoni. Ukimpapasa huoni mfupa. Jamani, raha ya kuona mnyama ananenepa kwa jasho lako haina mfano. Nilikuwa naimba nikienda kukata majani.

Siku ya harusi baba hakutaka kumdanganya mtu. Alisimama mbele ya wakwe akasema, "Fahali niliyewaahidi alikufa. Leo ni kondoo. Atakayeshindwa, ndizi zipo na maharage yapo."

Baba wa bibi harusi, mzee Leopodi, akachukua kipande kidogo sana, cha adabu. Akatafuna. Sisi akina mama na wasichana tunachungulia toka jikoni, Deusi kafumba macho kabisa.

Mzee akachukua cha pili, kikubwa. Kisha akasogeza sinia karibu yake, na ndugu zake wakaanza kugombana naye kwa upole.

Mimi niliruka. Shangazi akanivuta gauni.

Alipomaliza akauliza, "Nani kawalisha hawa?" Mama akaitwa. Akaja, akapiga goti, akawaamkia. Mzee akamwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu mama, hii haina harufu, inakatika yenyewe. Hebu tuambie, kwenu huwa ina ladha hii siku zote?"

Mama akasema, "Sijui. Sijawahi kuila."

Niwaeleze kidogo: katika ukoo wetu mwanamke alifuga kondoo na kumpika, lakini hakumla. Hakuna aliyejua sababu. Ilikuwa hivyo tu.

Baba akatazama wakwe. Akatazama ndugu zake. Kisha akakata kipande cha ubavu, akampa mama mkononi, mbele ya watu wote.

Mama akatafuna taratibu, tunamsubiri. Akameza.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Aliyeonja na kutia chumvi alikuwa baba, maana sisi wanawake hatukuruhusiwa kuonja. Watu walicheka mpaka mzee Leopodi akashika nguzo, na baba alicheka kuwazidi wote.

Nilichojifunza: nyongeza ya majani inafanya kazi, ila usimpe mnyama kitu kwa sababu tu wewe unakipenda. Kama utamu ulitokana na lukina au na ule umri mdogo, sijui, wataalamu mtanisahihisha.

Na ninyi mnaowalisha kondoo, mnawapa nini? Kwenu nani bado anapika asichoruhusiwa kula? Semeni, ninasoma yote. Mama yuko hapa pembeni, anauliza kama kuna mtu ameandika habari za chumvi.