Ng'ombe Mwenye Vidole Vitano

Nimewahi kusimamishwa mbele ya wazee nikaulizwa ng'ombe alipata wapi vidole vitano.

Hata leo sijui.

Ilikuwa Sangailu, kijiji cha wafugaji Wasomali kaskazini mashariki, mwaka wa tisini na nne. Mimi Koome, mtu wa Meru, nimetanga Kenya hii mpaka soli za viatu zikanichoka. Wakati huo nilikuwa kibarua wa shirika moja la kuchimba visima. Kubeba mabomba, kuzoa matope. Leo uko, kesho hauko.

Bosi alikuwa Mmarekani, Danieli. Mrefu, mpole, uso mwekundu kama nyanya ya sokoni.

Siku ya kwenda kwao likizo aliniita kando, akanipa kitu cha ngozi. Glavu. Moja tu, ya mkono wa kushoto, kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wanne. Kwao kuna mchezo unaitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaudaka na glavu hiyo.

"Ilikuwa ya baba yangu," aliniambia. "Ipake mafuta, kidogo tu. Tia mpira ndani, uifunge na kamba. Na usiianike juani."

Halafu akasema maneno yaliyonitoa jasho.

"Nikirudi niikute sawa, lori la maji utaliendesha wewe. Kazi ya kudumu."

Nina miaka arobaini na tatu hapo. Sijawahi kuwa wa kudumu kwa mtu yeyote, hata kwa mke.

Sasa sikilizeni ujinga.

Chumba changu kilikuwa na panya. Nikaona wataila. Nikaifunga juu ya paa la mabati, wasifike. Nikapata safari ya mabomba, nikaisahau huko juu wiki tatu.

Kama hujui jua la Sangailu, usiniulize. Glavu ilishuka imekauka kama samaki wa ng'onda. Ukiigonga inalia ko, ko, ko.

Danieli alikuwa amebakiza siku kumi na mbili arudi.

Mbio mbio kwa Mzee Guled. Pale kijijini ukisema ngozi umesema Guled: kamba za ngamia, ala za visu, viatu, zote ni mkono wake.

"Mzee, hii imekauka. Niokoe."

Akaipokea. Akainusa. Akaigeuza taratibu mpaka kwenye kiganja, pale walioitengeneza walipogonga alama yao: duara, na mistari miwili chini yake.

Akaweka kikombe cha chai chini.

"Koome. Wewe natoa wapi hii?"

"Ni ya mzungu."

"Hapana. Hii ni Gududa."

"Gududa ni nani?"

"Ng'ombe yangu. Ile nyekundu. Ilibotea ukame ya tisini na mbili."

Nikataka kucheka. Akanishika mkono, akanipeleka zizini, akanionyesha paja la fahali wake.

Duara. Mistari miwili chini yake.

Kicheko kikarudi kilikotoka.

Ndugu zangu, kwa mfugaji chapa si pambo. Chapa ni kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Mnyama mwenye chapa yako ni wako, hata ukimkuta amekuwa kiatu.

Guled akakataa kunirudishia. Lakini hakuitupa pembeni pia. Mkewe, Habibo, alileta samli, wakaanza kuipaka kwa ncha za vidole, asubuhi na jioni, ndani ya kivuli. Guled anaikunja, anaikunjua, anaisemesha kwa Kisomali.

"Anaiambia nini?" nikamuuliza Habibo.

"Anauliza kwa nini hakurudi nyumbani."

Majirani wakaja kumpa pole. Mmoja alileta sukari.

Siku ya tano kesi ikakaa, pale kwenye birika la kunyweshea mifugo. Mkubwa wa wazee alikuwa Salat, na mbishi wao Yakub. Walizungumza Kiswahili kwa sababu yangu. Mshtakiwa nilikuwa mimi.

Yakub akaibonyeza glavu. "Ngozi hii nene sana. Ng'ombe ya ukame hana nyama kama hii."

"Alienda Amerika," Guled akajibu. "Huko alikula vizuri."

"Na vidole alitoa wapi?"

Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

"Mtu akikaa nchi ya watu anabadilika," Guled akasema kwa uchungu.

Salat akatafakari, akaitikia. "Hiyo kweli. Kijana ya mzee Bare alikaa Nairobi mwaka moja tu, alirudi na hereni."

Hoja ikapita.

Uamuzi: mzungu angojwe. Akikataa kumlipa Guled ng'ombe mwingine, nitalipa mimi niliyekutwa na ngozi. Mimi ambaye sikuwa hata na kuku. Kazi naiona inaondoka, na deni la ng'ombe linaingia.

Danieli alifika Alhamisi. Akakuta wazee wamejipanga birikani, akadhani wamekuja kumkaribisha.

Guled akasimama, akamkabidhi glavu kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi maiti wa mtoto.

Danieli akaivaa. Akakunja vidole. Ile ngozi ikafunga polepole, laini, kama mdomo wa ndama kwenye chuchu.

Akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akaniambia, "Tangu baba afe, haijawahi kufunga hivi." Chozi likamshuka.

"Analia," Salat akasema. "Amekubali makosa."

"Ngoja kwanza," Guled akasema. "Koome, muulize kama alimpenda."

Mwenye lugha zote mbili pale nilikuwa mimi peke yangu, na Kiingereza changu ni cha darasa la nne, kikamaliziwa na madereva wa lori.

"Mzee anauliza kama ulimpenda marehemu," nikamwambia Danieli.

"Sana. Kila jioni tulikuwa pamoja uwanjani, mpaka giza."

Nikamgeukia Guled. "Alimpenda sana. Kila jioni walikuwa pamoja malishoni, mpaka giza."

Guled akajifuta uso na ncha ya shuka. "Basi hakuteseka. Mwambie nimesamehe. Akae naye."

Wakashikana mikono, wote wawili wanalia, kila mtu msiba wake. Yakub naye akapenga kamasi.

Mambo yamekwisha, sivyo? Yangeisha.

"Nani ameitunza hivi?" Danieli akauliza.

Guled alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mikono bado inanukia samli. Nikapiga hesabu. Huyu mzee hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lori atalifanyia nini?

"Mimi," nikasema.

Danieli akanipiga bega, akaniwekea ufunguo wa lori kiganjani. Nikaufumba. Ulikuwa wa moto kutoka mfukoni mwake.

"Vizuri. Maana nimekuletea kazi nyingine. Nataka watoto wa shule wafundishwe besiboli, na glavu zao uzitunze wewe."

Akafungua mlango wa nyuma wa Landrova, akavuta boksi, akalipasua.

Glavu kumi na moja. Mpya. Kila moja na duara lake, na mistari miwili chini.

Danieli akanyoosha kidole kwenye boksi, kisha akakinyoosha kwangu, anatabasamu. Hapo hapakuhitaji mkalimani.

Guled akachungulia. Midomo ikamcheza, anahesabu. Machozi yakakauka.

"Kumbe alichukua kundi nzima," akasema pole pole. "Na mchungaji wake ni wewe."

Yakub, yule mbishi, safari hii hakubisha. Aliokota fimbo.

Niliacha ufunguo juu ya boneti. Mjini Masalani nilifika juu ya lori la mbuzi, nimekaa katikati yao, na hakuna aliyeniuliza habari.

Kazi ya kudumu ilinidumu muda wa kupasua boksi moja.

Wewe unayesoma, kama jasho ni la mwenzako, mwachie na sifa zake. Ukizibeba, ujue zinakuja na kesi.