Salama, Ila

Chumba chetu kilikuwa stoo ya viti vibovu nyuma ya zahanati. Sasa kina vyerehani vya miguu, meza ya kukatia, pasi isiyopumzika, na ukutani kitambaa kilichotariziwa ndege wa bluu. Zahanati ilitoa chumba na nesi. Kikundi chetu cha mafundi kilitoa vyerehani. Chama cha wahamiaji kutoka Asia kilileta wanawake wake, nyuzi zake za hariri na mikono inayojua kutarizi kuliko sisi sote. Tuliwafundisha kushona nguo za kuuza, pamoja na lugha. Wao wakatufundisha kutarizi. Hakuna aliyekuja kuomba, na hilo mimi huwaambia wanaochungulia mlangoni wakiuliza kwa nini tunahangaika na wageni.

Ndege wale ni kazi ya Bi Salama. Si jina alilopewa na mamaye. Alimfuata mwanawe huku, akakaa ndani akilea wajukuu, na jirani mmoja akampa neno la kutokea nalo: ukiulizwa habari ya chochote, jibu salama. Akalishika kama ufunguo wa nyumba. Siku moja pasi ikamchoma, na fundi mwenzangu tunayemwita Wifi kwa sababu humtania kila mtu akauliza, "Habari za kidole?"

"Salama," akajibu, kidole kikiwa mdomoni.

Tulicheka mpaka tukashika meza. Jina likamganda.

Mimi aliniita mwalimu. Sikuwahi kukalia dawati, na mume wangu, ambaye duka lake lilisimama kwa miguu yangu juu ya cherehani, alimkabidhi mwanamke mwingine ufunguo wa duka hilo mbele ya watu, akisema fundi asiyejua kusoma hupatikana popote. Basi neno mwalimu, hata likitamkwa kombo, mimi huliitikia haraka.

Ndege wa mwisho ndiye aliyenishtua. Bawa lake lilivuka mstari wa chaki, kosa ambalo mikono ile haikuwahi kulifanya. Nikamtazama Bi Salama akitia uzi. Hakuangalia tundu la sindano. Alilipapasa kwa ncha ya ulimi.

"Habari za macho, dada?"

"Salama, mwalimu."

Nesi alikuja kila wiki akituuliza hali zetu mmoja mmoja. Mtu mwema, ila ukimwambia salama anakwenda kwa mwingine, na simlaumu. Sisi hata nyumba ikiungua, kwanza tunasema salama, ndipo tutaje moshi. Bi Salama alipewa nusu ya salamu. Nusu ya pili hakupewa na mtu. Naijua hasara yake. Watu waliniuliza habari za nyumbani nikajibu salama, huku vyerehani vyangu vinatolewa kimoja kimoja kwa mlango wa mbele. Na Bi Salama akiyapoteza macho, angerudi kufungiwa ndani, awe wa kushikwa mkono hata kwenda uani.

Kipindi cha lugha kilipofika nikafunika vyerehani. "Leo tuna neno moja: ila. Kila mtu aseme salama, kisha atoe ila yake."

"Salama," Wifi akaanza, "ila mume wangu anakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta."

"Salama," akasema msichana mmoja wa kina Bi Salama, aliyeolewa karibuni, "ila mama mkwe anahesabu vijiko nikitoka."

"Mwambie ahesabu na visu," Wifi akamshauri.

Zamu ikamfikia Bi Salama. "Salama, ila," akasema, kisha akainamia kitambaa chake. Sikumsukuma.

Wiki iliyofuata nesi akasimama mbele yake. "Habari za afya, mama?"

"Salama."

Nesi akageuka. Nikauma uzi niliokuwa nao mkononi.

"Ila," akasema Bi Salama.

Nesi akarudi. Lakini neno lililofuata hakuwa nalo. Akapunga mkono mbele ya uso, akajaribu kwa lugha yake, na wenzake wa kumtafsiria hawakuwa wamefika bado. Mwisho akainuka akaenda dirishani, akakipulizia kioo pumzi mpaka kikashika ukungu. Akagonga pale penye ukungu, kisha akagonga kope yake.

Nesi akamsogeza mwangani, akamwangalia jicho kwa makini. "Nadhani ni mtoto wa jicho. Daktari wa macho akithibitisha, anatolewa, mama anaona tena."

Neno mtoto Bi Salama alilijua vizuri sana. Akajishika tumbo. "Mtoto? Mimi bibi."

"Mkae mkijua," Wifi akatangaza, "nepi nitanunua mimi."

Alipoeleweshwa kwamba ni ukungu tu uliootea ndani ya jicho, ndiye aliyecheka kutushinda. Zahanati ikampa rufaa, chama chake kikatoa mkalimani, sisi tukapokezana kukaa na wajukuu. Alirudi jicho likiwa limefungwa, baadaye likafunguliwa. Akaketi karibu na dirisha, akatia uzi mara moja, akainua sindano juu tuione. Kisha akafumua bawa lile lote. Siku tuliyokitundika kitambaa, watu waliokuja kukitazama wakamuuliza nani kamfundisha lugha, akaninyooshea kidole. Nilivimba, sifichi.

Jioni ile tulibaki wawili kufagia vipande.

"Habari za nyumbani, mwalimu?"

"Salama."

Akaegemeza fagio ukutani, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Ila?"

Nikamweleza, kuanzia mlango wa mbele. Maneno mengine hakuyaelewa, akaniomba nirudie. Nikarudia.