Fundi wa Mahema na Meli ya Vitambaa

"Rudisha nyuma! Mimi nimelipa kuangalia mkanda mzima, sikulipia mizinga peke yake!"

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama benchi la nyuma, kofia mkononi, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Banda zima likamzomea.

"Kaa chini, fundi! Unaziba!"

"Sikai. Reginald, rudisha."

Reginald ndiye aliyeendesha deki yangu na kututafsiria yanayosemwa kwenye picha. Alinitazama. Mimi nilikuwa mlangoni nakusanya viingilio, sina nafasi ya upuuzi.

"Sadoki," nikamwambia, "wenzako wanataka vita. Hao wanaosugua meli unawaangalia wa nini? Kwako hakuna ufagio?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hawakuwa wanasugua, Mama Anneth. Kuna mzee alikuwa amekaa chini anashona. Huyu bwana kamkimbiza kama mwizi wa kuku."

Ni kweli, tulikuwa na mtindo huo. Mkanda ukifika mahali ambapo hakuna anayepigwa, Reginald anabonyeza, picha inaanza kukimbia na mistari myeupe, watu wanatembea kama siafu, mpaka pale bunduki zinapotokea. Wateja ndivyo walivyotaka. Mkanda wa saa mbili ulikuwa unaisha upesi, tunaingiza wengine. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tumemnyima watu wanaofanya kazi.

Ilikuwa Usa River, enzi za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yalikuwa yamejaa vitu tena, mitumba imetandazwa kila kona, na mwenye televisheni na deki alikuwa tajiri wa mtaa. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, na banda la mabanzi nyuma ya soko la ndizi.

Sadoki Sumari alikuwa Mmeru wa kule juu mlimani, Poli, mtu mzima mwenye mke na watoto wakubwa. Alikuwa na kahawa yake na migomba yake, lakini kahawa ilipoanza kulipwa bei ya kuchekesha akashuka kutafuta kazi. Kampuni za watalii zilikuwa zinazaliwa kila wiki, na zote zinataka mahema. Akaingia kwenye karakana moja ya kushona mahema ya turubai zito, yale yanayopelekwa Momela na mbugani kwingine. Bahari alikuwa hajaiona. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Korogwe, alikwenda kuzika.

Sasa niambieni, mtu kama huyo meli ya tanga inamhusu nini? Hicho ndicho kilichonikera, na kilichonikera ndicho kilichonifanya nimchunguze.

Mwanzoni aliingia kukwepa mvua tu. Siku hiyo tulikuwa na mkanda wa maharamia. Meli inang'aa, wanaume wamevaa mashati meupe yamepigwa pasi kama wanakwaya wa Krismasi. Kabla haujafika nusu, Sadoki akatoka.

"Mbona unaondoka na mvua haijaisha?" nikamuuliza.

"Mama Anneth, zile kamba haziendi popote. Zimening'inizwa tu. Na yule baharia kapanda mlingoti kashuka, suruali haina hata doa. Wanatudanganya hao."

"Ni picha, fundi. Zote ni uongo."

"Ziko za uongo, na ziko za watu waliouliza kwanza," akasema, akaingia mvuani.

Wiki iliyofuata tukaazima mjini kaseti nyingine, haina jalada wala jina. Hata Reginald hakujua inaitwaje, na sisi tukaibatiza Meli ya Vitambaa. Ilikuwa meli ya vita ya Wazungu wa zamani, kabla ya injini. Lakini meli yenyewe ilikuwa chafu. Vitambaa vyake vikubwa vilikuwa na viraka, kimoja kiraka juu ya kiraka. Wanaume wamejazana ndani kama magunia, wanalala kwenye vitanda vya kuning'inia, wanakula kitu kigumu kinachogongwa mezani kwanza ili wadudu watoke. Sadoki aliangalia mdomo wazi. Siku ya pili akarudi, na siku ya tatu ndipo akasimama kupiga kelele.

Watu walipotawanyika nikambana mlangoni. "Haya, niambie. Una nini na ile meli?"

Akakaa juu ya kreti tupu la soda. "Unajua picha za karate?"

"Ndizo zinazonilisha."

"Umewahi kuona mtu anafua humo? Wanapigana, wanachanika nguo, kesho wana nguo mpya. Nani kashona? Kwenye meli ile kila kitu kina mtu wake. Kamba ina mtu, sufuria lina mtu. Kitambaa kikichanika, lazima mtu akae chini ashone, maana duka hakuna. Mimi nikiangalia pale, najiona niko kwa watu."

Nikavuta kreti jingine, nikakaa nimsikilize. Si kawaida yangu.

Halafu akaniambia la pili, na hili alilisema polepole. Mahema yake yalikuwa yanarudi. Kule Momela upepo ukishuka kutoka mlimani unalivuta hema, na turubai linachanika palepale kwenye pembe, penye ile pete ya chuma ya kupitishia kamba. Alikuwa ameshona mara mbili, mara tatu, akaongeza kiraka, bado linachanika. Abdiel, msimamizi wa karakana, alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba likirudi moja tena, cherehani yake itakaliwa na mtu mwingine.

"Na yule mzee wa kwenye meli alikuwa anashona pembe," akasema. "Pembe, Mama Anneth! Nimeiona kwa kufumba na kufumbua, katikati ya mistari ya Reginald. Kitambaa chao ni kikubwa kuliko nyumba yangu na kinavutwa na upepo wa bahari. Wao wanafanyaje?"

"Kaseti inarudi mjini Jumanne," nikasema.

"Basi nionyeshe Jumatatu. Yote. Bila kukimbiza."

"Watu watalivunja banda."

"Nitakushonea pazia la mlango."

Hapo alinipata. Mlango wangu ulikuwa na blanketi bovu, kila anayeingia anaingia na jua, na wateja wanatukana. Pazia la turubai zito lingekuwa mkombozi. Tukakubaliana.

Jumatatu mchana nikatangaza mlangoni kabisa: leo mkanda haukimbizwi, asiyetaka asiingie. Waliingia wote, kwa ubishi. Philemoni, mpakia ndizi mwenye sauti kama honi ya lori, akakaa benchi la mbele makusudi ili apate pa kuzomea vizuri.

Mwanzo walizomea kweli. Mtu akisugua sitaha: "Osha na vyombo!" Mtu akikunja kamba: "Kamba imekunjwa, twende!" Halafu ikafika ile meza, vile vimkate vigumu vinagongwa, wadudu wanadondoka.

"Dumuzi!" Philemoni akapaza sauti. "Jamani, hata Ulaya kuna dumuzi!"

"Waliweka ghalani bila dawa," mwingine akasema.

"Wanapewa nyama?"

"Ya chumvi. Ona, inakatwa na shoka."

Nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Zomeazomea ilikuwa imegeuka maswali. Wanakwenda haja wapi? Nani anapika? Mgonjwa anapelekwa kwa nani? Na swali lililowashika kuliko yote ni Philemoni aliyeliuliza: ikiwa upepo unawasukuma kwenda kule, watarudije nyumbani?

Hapohapo umeme ukakatika. Mgao.

Siku nyingine watu wangenidai viingilio vyao. Siku ile hakuna aliyeinuka. Walibaki gizani wanabishana.

"Wanasubiri upepo ugeuke," mmoja akasema.

"Na usipogeuka? Wake zao wataolewa na wengine?"

"Wanavutwa na meli ya moshi," Reginald akasema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Meli ya moshi iko wapi, Reginald? Tangu saa ile umeiona? Wewe ndiye uliyetuambia nahodha anamtukana mama wa mpishi, kumbe kafungua mdomo mara moja tu!"

Banda likaangua kicheko. "Fundi, sema wewe!" wakadai.

"Mimi sijui," Sadoki akajibu. "Ningejua nisingekuwa hapa."

Umeme ukarudi jua bado liko juu. Mkanda ukaendelea, na jibu likaja lenyewe. Meli ikaelekea upande mmoja imelala ubavu, wanaume wakavuta kamba, vitambaa vikageuzwa, ikaelekea upande wa pili, kisha tena.

"Inapanda kwa kona!" Philemoni akasimama. "Kama barabara ya kwenda Poli! Huwezi kupanda mlima moja kwa moja, unakwenda kulia, unakwenda kushoto!"

Wakapiga makofi. Watu wa mlimani hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga maji ya chumvi, wanaipigia makofi meli kwa sababu imepita njia wanayoijua.

Kisha yule mzee mshonaji akatokea. Sadoki akatoka nyuma, akapita katikati ya magoti ya watu, akaenda kukaa chini mbele ya televisheni, karibu kabisa. Aliziba nusu ya kioo. Philemoni mwenyewe, mwenye sauti ya honi, aliinamisha kichwa kando apate kuona nusu iliyobaki.

Mzee alikuwa amefunga ngozi kwenye kiganja, anasukuma nayo sindano. Hakuwa anaongeza kiraka. Alikuwa anashonea kamba nene kwenye pindo la kitambaa, inazunguka ukingo wote, na ikifika pembeni kamba hiyohiyo inaizunguka pete.

"Kumbe," Sadoki akasema, si kwa mtu yeyote. "Kitambaa hakivutwi. Inavutwa kamba." Akageuka kunitafuta. "Mama Anneth, mkanda huu ni wa kweli?"

"Nitajuaje mimi? Nimeishia darasa la saba."

Picha ikamjibu. Ilikuja dhoruba, na kitambaa kikubwa kikapasuka kwa mlio uliotutisha wote. Kilipasuka katikati, mapande yakaruka, lakini pembe ilibaki pale juu, na kamba yake, na pete yake, inapigapiga.

"Mmeona? Pembe imebaki!" Sadoki alikuwa amesimama, sasa ameziba kioo chote. "Mwongo asingejua kupasua hivyo!"

Hapo ndipo walipomzomea, na walikuwa na haki.

Msidhani mambo yalinyooka kesho yake. Sadoki alinunua kamba ya katani, maana ndiyo iliyokuwa sokoni, akashonea ukingo wote wa hema, kwa mkono, na kipande cha ngozi ya kiatu kikiwa kimefungwa kiganjani. Hema likaenda Momela. Usiku huo ikanyesha. Katani ikilowa inafupika, nani asiyejua, kila mwenye kufunga mbuzi anajua. Ila yeye kichwa kilikuwa kimejaa bahari. Asubuhi hema lilikuwa limejikunyata kama mbuzi mwenye baridi, na wageni wawili waliokuwemo ndani wanadai hela zao.

Abdiel alimwita ofisini. Marta, mke wa Sadoki, alikuja kwangu siku hiyohiyo na kanga imefungwa kiunoni.

"Mama Anneth, video yako inamfukuzisha mume wangu kazi."

"Video imemfundisha kushona. Katani ni yenu wenyewe," nikamjibu. Akasonya, nikasonya, akaondoka. Lakini nakiri sikulala vizuri, kwa sababu mtu mwenye umri ule akishafukuzwa harudi tena kwenye cherehani.

Abdiel alikuwa amempa nafasi moja: hema moja, siku zake mwenyewe, bila malipo. Sadoki akailoweka kamba kwenye pipa, akaifunga kati ya miti miwili ya mgrivea shambani kwake, akaning'iniza mawe mpaka ikanyooka ikakauka. Ndipo akashona. Likapelekwa Momela msimu ule wa upepo, likakaa. Likanyeshewa, likakaa. Abdiel hakumsifu, si tabia yake. Alimtupia mezani mahema mengine ya kuwekewa kamba, akamwambia wenzake wakae karibu waangalie.

Mimi je? Mimi nilikuwa bado na blanketi langu. Kila nikikutana na Sadoki sokoni nilimwambia mbele za watu: "Fundi, wageni wa Momela wanalala pazuri, mimi wateja wangu wanaungua na jua. Pazia?" Naye: "Linakuja, Mama Anneth." Lilikuja kwa mdomo msimu mzima wa kahawa. Mpaka nikaanza kumsalimia hivyo, badala ya habari za asubuhi: "Pazia?"

Alhamisi moja mchana, Reginald anafuta vichwa vya deki, nikamwona Sadoki anavuka barabara ya Moshi, kabeba turubai begani kama jeneza la mtoto. Akang'oa blanketi, akapigilia misumari, akatundika. Ukingo wote ulikuwa na kamba, na kila pembe ina pete, imezungushiwa kamba kama ile ya kwenye meli.

Nikaingia ndani, akaliachia. Giza likawa giza. Nikaupapasa ule ushonaji kwa kidole, nikitafuta kosa. Sikulipata.

"Haya," nikasema. "Umelipa. Hatudaiani. Ingia ukae, leo bure."

"Kuna nini leo?"

"Karate."

"Basi mimi naenda kupalilia kahawa," akasema, akavaa kofia yake.