Jaketi au Bamba

Kaka yangu alipokuja nyumbani Disemba alibeba magunia mawili. La kwanza lilikuwa na jaketi ya buluu ya kuzamia baharini, ile inayovaliwa kama koti na kujazwa hewa. La pili lilikuwa na bamba la chuma la kuvaa mgongoni, lenye matundu, mkanda mrefu mweusi, na mfuko wa hewa uliolegea kama mto uliotolewa pamba. Alivipanga kitandani kwake, akafunga dirisha ili jua lisipige sehemu zake za mpira, kisha akaniita.

"Njoo uone shida yangu," alisema, na alikuwa anacheka.

Alikuwa akifanya kazi Pwani, kwenye duka linalopeleka wageni chini ya maji. Alijaza mitungi hewa kwa mashine ya kompresa na kuibeba hadi kwenye boti. Mzungu mmoja mzee, mteja wa miaka mingi, alikuwa anarudi kwao kabisa, akamwambia achague seti moja kati ya zake mbili iwe yake, ile nyingine airudishe dukani. Mwenye duka naye alikuwa ameahidi kwamba kaka akiwa na vifaa vyake, na daktari akikubali kifua chake, ataanza kumfundisha kuongoza wageni.

Mimi sisemi sana. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu linanikwama. Lakini kaka huniuliza maoni yangu kama mtu mzima, na siku hiyo nilijiona mkubwa.

"Hii ni rahisi," alisema akigusa jaketi. "Ina mifuko, inakukumbatia vizuri, unaenda kwa matumbawe, unaona samaki, unarudi. Wageni wote wanavaa hii. Ni ya leo."

"Na hiyo ingine?"

"Hii ni ngumu kuzoea. Lakini leo unafunga mtungi mmoja, na kesho ukijua kazi unafunga miwili kwa bamba hilo hilo. Unaenda chini kabisa, kwa meli zilizozama. Huko hakuna mwenzetu amefika. Ukichukua jaketi, siku hiyo ikifika unaanza kutafuta vifaa upya."

Aliniambia kuwa hata kidhibiti cha hewa, kile chombo cha kupumulia, cha seti ya bamba hufungwa kwenye mtungi kwa skrubu, na hakichomoki kwa urahisi hata kikigongwa. Cha jaketi hubanwa tu kwa juu.

Baba aliingia akasimama mlangoni. Yeye hushonea watu wa huku Mukuyuni matandiko ya punda wa kubeba maji. Aliuvuta ule mkanda mweusi kwa nguvu, akaugeuza.

"Sasa hili si tandiko la punda?"

"Basi punda mwenyewe umempata, huyo hapo!" Mwaitu alijibu kutoka jikoni. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

Tulicheka sote. Baba hakuuachilia mkanda. "Ni mmoja mzima, hauna viungo. Kitu kama hiki hakikuachi njiani. Na ukichakaa, nitakushonea mwingine hapa hapa."

Baba hajawahi kuona bahari. Lakini nilimwona kaka akimtazama, nikajua uamuzi umeshafanyika.

Kaka alinifundisha pia kuchagua miwani ya kuzamia. Hufungi mkanda; unaiweka usoni, unavuta pumzi kwa pua, na ikishika bila kuanguka ndiyo yako. Mwaitu alinikuta nimesimama katikati ya nyumba, miwani imenigandia usoni kama kupe.

"Aii! Na wewe pia?" Akamgeukia kaka. "Sisi maji tunayafukua mchangani, wewe unataka yakufukie."

"Mwaitu, nitakuletea kombe kubwa la baharini."

"Sitaki kombe. Niletee wewe."

Siku zilizofuata kaka alivaa bamba uani, akirekebisha mkanda mpaka aweze kugusa kila kitu bila kutazama. Alifumba macho, mkono ukaenda begani, kiunoni, kifuani. Alipoinama alikohoa. "Ni vumbi," alisema. Sisi wote tulikuwa tunakohoa kwa vumbi, kwa hivyo nilikubali.

Tulikwenda Kitui kwa ajili ya daktari kwa sababu shangazi yetu anafanya usafi hospitalini huko na alijua pa kutuanzia. Kaka alipigwa picha ya kifua. Nilidhani tutatoka mara moja tukanywe chai kwa shangazi. Daktari aliinua ile picha kwenye dirisha, akaionyesha kwa kalamu.

"Hii ni TB. Tumeiona mapema, dawa zitakuponya. Usiogope."

Kaka alishusha pumzi. "Nikipona, naweza kuzamia?"

"Hapana."

"Hata kwa matumbawe tu? Si mbali, daktari. Ni pale pale karibu na ufuo."

Daktari alieleza taratibu, hakumdharau. Ugonjwa umeacha shimo kwenye pafu. Mtu akivuta hewa ya mtungi chini ya maji, kisha apande, hewa iliyonaswa humo inatanuka, na pafu linaweza kupasuka. Alisema si lazima iwe chini sana.

"Jaketi ama bamba, ni sawa?" kaka aliuliza.

Daktari hakuelewa swali. Mimi nilielewa, nikatazama sakafu.

Jumapili Mwaitu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alilia akisema Mungu amemrudisha mwanawe kutoka kwenye mdomo wa bahari, kwamba bila ile picha angekufa mbali na watu wake. Alikuwa anasema kweli, na watu wakapiga makofi na kuimba. Wakamwita kaka mbele.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Nashukuru," akasema, akarudi kukaa. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Mkono wake ulikuwa begani, kisha kiunoni, kisha kifuani, polepole, na hakujua.

Alivipakia vifaa vyote mwenyewe na mimi nikamsaidia kubeba hadi Makindu, tukampe dereva wa basi anayefahamiana na duka. Utingo akataka kurusha magunia juu ya basi.

"Ndugu, weka ndani. Raba inaharibika kwa jua."

"Kwani umebeba mgonjwa?"

"Weka tu ndani, tafadhali."

Utingo alimtazama, akayaweka nyuma ya kiti cha dereva. Basi lilipoondoka kaka alininunulia soda, yake hakuimaliza. Aliniambia mwenye duka ametuma habari: akimaliza dawa, kazi yake ya kompresa ipo.

"Utarudi?"

"Nitarudi. Kuna kijana mwingine amepewa nafasi ile. Ni mzuri, anajua kuogelea kunishinda." Aliizungusha chupa mezani. "Atachagua bamba, kama ana akili. Mimi nitakuwa namjazia mitungi."

Nilitaka kumwambia neno. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni, na likanikwama, na yeye akasimama akarudisha chupa kaunta.