Mkoba Nilioufunga Mdomo

Kwetu jina la marehemu halitajwi. Mimi la mdogo wangu nalitaja kwa makusudi: Ijnai. Pale kanisani misheni kuna picha yake ukutani, amevalishwa gauni la mtu mwingine, na chini yake, kama anavyonisomea mwanangu Eroi, wameandika Maria. Hakuwahi kuwa Maria. Alikaa nao chini ya mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya mwezi huo aliimaliza akikohoa.

Ijnai alinifuata ziwa. Alizaliwa msituni, upande wa kaskazini ambako maji huwa ni ya kutafuta, na tangu mdogo alikuwa na mdomo. Mwanamume akirudi kambini bila kobe hata mmoja, yeye ndiye aliyempokea. "Karibu, shemeji. Leo tunachemsha jasho lako?" Watu wakicheka, njaa inapungua. Alikuwa akiweka sikio kwenye shina la mti na kukwambia kama ndani mna nyuki, na kama asali yao inatosha watu wangapi.

Mama alitufundisha sote wawili kufuma mikoba kwa nyuzi za mkonge wa porini, tunazozisokota juu ya paja. Kila ukoo una michoro yake, na ndani ya ukoo kila mfumaji ana mkono wake. Mkoba ukiutundika mtini njiani, wenzako wanajua ni wa nani. Ukiuacha wazi, maana yake njoo, tuko karibu, kilichomo ni chako. Ukiufunga mdomo kwa fundo, maana yake usisogee, huku kuna kifo, rudi ulikotoka. Hilo hata mtoto wa kunyonya utadhani kazaliwa nalo.

Nilikuwa msichana tu wakati matingatinga ya wafuga ng'ombe yalipopita katikati ya kambi yetu. Watu walikimbia. Mimi nilitumbukia shimoni nikavunjika mguu, wakaniokota watu wetu waliokwisha kutoka msituni siku nyingi. Wakanipeleka misheni. Mguu uliunga kombo. Nikapewa gauni, kisha nikapewa mume, Samai. Kule msituni walinililia kama maiti.

Misheni nilijifunza jambo moja tu. Kila kundi lililoletwa kutoka msituni lilikuja likitembea kwa miguu yake, na kabla ya mvua kurudi nusu yake tulikuwa tumeizika. Kifua. Wenyeji tunakohoa siku mbili kinapita, wageni kinawamaliza. Nimezika wanawake niliokula nao asubuhi.

Asubuhi moja mchungaji Ewaldo alikuja nyumbani kwangu na kifuko cha sukari. Alikuwa ameruka na ndege, ameona moshi upande wa kaskazini.

"Mama Eroi," akaniambia, "mdogo wako yuko gizani. Utamwacha apotee?"

"Hajapotea, mchungaji. Kule anajua kila mti. Aliyepotea ni mimi."

Samai akanikanyaga mguu, tena ule mbovu.

"Na akifa kabla hajamjua Bwana?"

"Na akija huku akamjua, halafu akafa?"

Mchungaji alinyonya chai yake mpaka majani yakabaki makavu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Nifumie mkoba mmoja tu. Tutautundika wanakopita, wajue uko hai. Hatutawafuata. Wataamua wenyewe."

Niliwaza siku tatu. Sikatai, nilitamani Ijnai ajue kuwa sijafa. Lakini zaidi niliwaza hivi: hawa wataenda tu, niwafumie nisiwafumie. Watatundika mashoka na masufuria, naye atavutwa. Heri apate neno langu mwenyewe. Basi nikafuma michoro ya ukoo wetu, mistari ya rangi ya kutu inayopanda na kushuka, na nilipomaliza nikaufunga mdomo kwa fundo, nikalisiliba fundo kwa nta. Nikampa Samai mkononi.

"Baba Eroi, unaliona fundo hili?"

"Naliona. Mimi si kipofu."

"Usiliguse."

"Nani aguse mambo yako ya kibibi?" Akacheka, akapanda lori na mchungaji.

Hilali mbili baadaye nilisikia wanawake wakipiga kelele nje. Ijnai alikuwa anakuja nyuma ya Samai, aliyekwenda kumpokea ukingoni mwa msitu; hakuja na mtu mwingine wa kwao, vumbi mpaka kwenye kope. Tulikaa chini tukapeana mgongo tukalia, kama inavyopasa watu waliopotezana. Alipomaliza kulia akageuka akanitazama.

"Umenenepa, Mguu Upinde. Kobe wa masika ana nafuu."

"Umefuata nini huku? Si nilifunga?"

"Ulifunga nini?"

"Mdomo wa mkoba!"

"Dada, ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kitambaa chekundu na kisu. Mume wangu alisema ni mtego. Nikamwambia, huu ni mkono wa dada yangu, na dada yangu hawezi kunitega."

Nilimtazama Samai. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mchungaji alitaka kutia zawadi," akasema. "Hakujua. Nilifungua mimi."

"Wewe ulijua."

"Nilijua. Lakini kila jioni unamlilia, mama Eroi. Nilidhani nakuletea furaha."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo sijaweza kulimeza mpaka leo. Angekuwa amefanya kwa ubaya ningemchukia nikapumzika.

Nilimwambia Ijnai arudi siku ileile. Akakataa. "Nimetembea siku ngapi kukuona, halafu unanifukuza kabla sijakaa? Mume wangu na binti yetu wananingoja kwenye maji. Acha nipumzike kidogo, nitaondoka." Siku ya tatu akapiga chafya. Akaicheka. Hakuwahi kupiga chafya namna ile. Siku ya tano alikuwa hawezi kusimama.

"Dada, huu ugonjwa nikirudi nao, utawashika na wale?"

Ningeweza kumdanganya. Angeondoka, pengine angefia njiani karibu na mtoto wake.

"Utawashika," nikasema.

"Basi sirudi." Akageukia ukutani. Jioni akanieleza ni maji gani wanamngoja, ili nami nijue, na akaniambia nisimwambie mtu.

Mchungaji alikuja na bakuli akammwagia maji kichwani. Ijnai alikuwa anawaka homa, lakini alifungua macho. "Dada, mwambie huyu mzee kiangazi maji hayamwagwi. Maji yananywewa." Siku hiyo ndiyo walimpa lile jina la ukutani. Siku ya pili yake alikufa, na mimi nikiwa nimemshika miguu.

Nilikwenda kwa mchungaji.

"Ulisema wataamua wenyewe."

"Aliamua, mama Eroi. Alikuja."

"Aliamua kwa neno ambalo si langu."

Mchungaji akalia, machozi ya kweli, sikatai. Sikumpa hata kitambaa. Samai naye nilimtolea vyombo vyake nje, na sijala naye tena.

Mume wa Ijnai alingoja kwenye yale maji, sijui kwa muda gani. Hakuja. Naamini alielewa, akamchukua binti yao akaingia ndani zaidi.

Sasa Eroi ni mtu mzima na ndiye anayewaongoza wachungaji wapya. Kiangazi kilichopita alikuja na mmoja, kijana mwenye ndevu changa. Hawakuleta sukari.

"Mama, mume wa mama mdogo alikuwa anangoja kwenye maji gani?"

Nikawaelekeza kusini, kwenye ziwa la chumvi. Walizunguka huko siku nyingi. Walirudi midomo imepasuka.

"Mama, kule hakujawahi kukaa mtu. Hata ndege hanywi."

"Basi wamehama."

"Ulitudanganya."

"Niliwadanganya."

"Mama! Mungu anakuona."

"Na anione," nikamwambia. "Mradi asiwaambie nyinyi."