Ng'ombe Niliyeachiwa na Kaka

Naona haya kuandika kisa hiki. Kabla Wadachi hawajamchukua kubeba mizigo ya vita, kaka yangu aliniachia ng'ombe wake, niwatunzie binti yake Tumpe na mdogo wake Tumpe aliye mchanga, wapate maziwa. Hakurudi.

Juzi baba mkwe wangu alifariki huko Ikolo. Kwetu mkwe hupeleka ng'ombe wa kuchinja msibani. Mimi nilikuja mikono mitupu, na shemeji zangu wakacheka: "Mkwe wetu ameleta fimbo tu!"

Kwa aibu nikamleta ng'ombe wa kaka, nikasema ni wangu. Alipochinjwa, wote wakanishukuru, "Ndaga, ndaga!" Nami nikavimba kichwa.

Ndipo Tumpe akafika msibani na kibuyu kitupu cha maziwa, akimtafuta ng'ombe. Akaitazama ngozi, kisha akaniuliza mbele yao, "Baba mdogo, mbona mmemchinja ng'ombe wetu? Mtoto atakunywa nini?"