Mtu wa karatasi, mwiba mmoja na macho ya bibi yangu kule Usagara

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimeona wazazi humu wanaulizia kazi za karatasi za kuwapa watoto likizo hii. Ninazo, za vitu vya nyumbani tu. Ila siwezi kuzitoa bila kusema kilichotupata. Siongezi chumvi, na kama kuna aliyekuwepo akanitambua, naomba anyamaze tu.

Ni miaka ya tisini, mitumba ndiyo imepamba moto. Niko kidato cha pili Mwanza mjini, binti wa aibu kupindukia. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, sauti haitoki. Raha yangu ilikuwa kutengeneza albamu.

Likizo nikapelekwa kwa bibi, Usagara.

Albamu yenyewe ni hivi: mfuko wa saruji unaukung'uta, unachukua karatasi za ndani, unakata kurasa, unashona kwa uzi wa gunia. Gundi ni unga wa muhogo na maji, unakoroga motoni mpaka uvutike. Ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara inakuwa bati la nyumba. Vijiti vya kiberiti, milango.

Halafu watu. Nilikuwa nawakata kwenye magazeti na kuwavalisha. Fundi cherehani wa pale senta aliniruhusu kuokota vipande chini ya mashine yake, basi kila jirani nikamvalisha kitambaa cha nguo yake mwenyewe. Nikajiona fundi kweli!

Wenyeji mmeshashtuka. Kwetu kipande cha nguo ya mtu hakiokotwi ovyo. Ukikishika, umemshika mwenyewe.

Wa mwisho walikuwa mapacha wa jirani, Kulwa na Doto, ndio kwanza wanajifunza kutembea. Doto nikambandika vizuri. Kufika kwa Kulwa, gundi imeisha, na bibi kagoma: "Unga wa kula huu, si wa kuchezea."

Nikachuma mwiba wa mgunga. Nikamchomeka hapo kifuani, ashike.

Siku chache tu, Kulwa akaugua kifua. Anakohoa mpaka mbavu zinaingia ndani.

Mama yao akaja kuomba moto, akakuta albamu iko wazi mkekani. Akauinamia ukurasa wa mapacha. Akaondoka, moto hakuchukua.

Bibi akauliza, "Ameona nini?" Nikamwonyesha.

Bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa miaka ya kupikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Na wakati ule bibi wenye macho mekundu walikuwa wanakatwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Mnaojua mnajua.

Nikakimbilia jikoni kuichoma ile albamu. Akanidaka mkono.

"Ukiichoma, tumekiri."

Jua halijazama wakafika. Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Kulwa, na wanaume nyuma yao. Hawakupiga hodi.

Mwenyekiti akaishika albamu kwa ncha za vidole. "Bibi, huyu mwenye mwiba ni nani?"

"Muulizeni aliyemkata."

Wote wakanigeukia.

"Ndiyo mnayofundishwa shule huko mjini?" mmoja akasema, wenzake wakaguna.

Sauti ilikataa, wakuu. Mikono ndiyo ikakubali. Nikaleta sufuria na unga, nikakoroga pale pale kwenye mafiga ya uani, maji nusu yanamwagika. Nikakata mtu kwenye gazeti. Nikachana upindo wa gauni langu, nikamvika, nikambandika ukurasa mwingine: mimi huyo.

"Si hiyo hapo dawa yenyewe!" yule wa mwanzo akasema, anainyooshea gundi kidole.

Nikachota kwa kidole, nikala. Nikachota tena, nikala.

Mama Kulwa akauliza huku analia, "Na mwiba?"

"Gundi iliisha, mama. Bibi alininyima unga."

Ndiyo maneno yangu ya kwanza jioni ile.

Bibi akauchukua mwiko, akaulamba wote. "Na chumvi hakutia, huyu."

Mtu akacheka. Kisha wengine. Mama Kulwa akang'oa mwiba, akamweka yule Kulwa wa karatasi kifuani mwake mwenyewe. Mwenyekiti akamtolea baiskeli, mtoto akapelekwa zahanati. Kumbe nimonia. Alichomwa sindano, akapona.

Nikajua yameisha. Asubuhi namkuta bibi anafunga vyombo vyake.

"Bibi, si wameamini?"

"Wameamini gundi, mjukuu wangu. Gundi umeila wakaona. Na haya macho? Siku ng'ombe wa mtu akifa, nitayala?"

Tukamleta kwetu mjini, Mkuyuni. Huku alipikia mkaa. Taratibu yale macho yakasafika, yakawa macho ya bibi yeyote.

Moshi tu, wakuu. Ulikuwa moshi.

Funzo langu: wafundisheni watoto, karatasi na unga vinatosha. Ila mtu wa karatasi akatwe mwenyewe akiona, na akikamilika apewe mwenyewe. Na unga wa gundi msiwanyime.

Albamu ninayo hadi leo. Ukurasa wa mapacha una Doto peke yake, pembeni kuna tundu la mwiba. Wanangu huliwekea kidole, wanauliza ni la nini.

Nyie mngewajibuje?